Kisigino Cheupe

Bahasha ilikuwa ndani ya kopo la biskuti,
chini ya vifungo na risiti za gesi,
mwandiko wa baba, penseli iliyokwisha makali:
yenye harufu. usiuze.
Mwaka hakuandika. Baba hakuwa mtu wa miaka.

Februari nilizimwaga kwenye trei dirishani,
mbegu nyeusi, bapa, kama makapi ya chai
yaliyong'ang'ania chujio.
Mia na kumi. Zilizoota, kumi na tisa.
Mama akasema mwenye akili hupanda bila kuhesabu.

Hapa Liguria ua hili ni garofano,
na karafuu ya jikoni huitwa msumari wake.
Zamani matuta yote, toka kanisani hadi relini,
yaliiva wekundu,
treni ya usiku ikabeba vikapu kwenda kwa watu wa theluji.
Kisha wakaja wanunuzi wa kikonyo:
kirefu, kinyoofu, kinachostahimili ndege
na wiki tatu za friji.
Harufu haikuwa na safu katika daftari lao.
Vibanda vya vioo vimebaki mbavu tu,
mibigili imetoa vichwa
kama abiria waliosahauliwa stesheni.

Machi nikahamisha miche.
Aprili nikaikata ncha, juu ya jozi ya tano ya majani,
ukatili mdogo unaozaa matawi.
Juni nikanyofoa matumba ya ubavuni,
kila kikonyo nikakiachia moja,
nikaomba radhi kwa sauti ya chini
maana Delmo alikuwa akipita na mbwa wake.

Mbegu si fotokopi.
Miche kumi na mmoja ilitoa maua ya petali tano,
maua ya kando ya barabara, hayana deni na mtu.
Minne, rangi ya waridi iliyofuliwa mno.
Miwili waliila konokono.
Mmoja ua lake lilipasua kikombe
likamwagika upande, shati nje ya suruali.

Wa kumi na tisa
ulichanua rangi ya divai iliyolala kwenye glasi.
Nilikwenda kabla ya jua ili niiname ninuse.
Sikuhitaji kuinama.

Nilikata matatu, nikayatumbukiza majini hadi shingoni
saa mbili gizani, kama alivyofanya baba,
nikampelekea mama.

Mama hana pua
tangu homa ile ya majira ya baridi.
Kahawa kwake ni maji moto yenye rangi.
"Linanukiaje?"
Nikasema, karafuu.
"Hata mchuzi hunukia karafuu, Nevio."
Nikasema, pilipili manga. Na kitu kama sabuni ya mche,
lakini sabuni iliyokauka, iliyowekwa kati ya mashuka.
"Basi silo.
Lile lilinukia kama droo ya juu
baba yako alipoifungua akiwa na hasira."

Ningejibu nini?
Nilisimama na maua mkononi
kama mchumba aliyekosea nyumba.

Akachomoa petali moja. Akaigeuza kwenye mwanga.
Akaing'ata kule chini, penye weupe,
pale wapishi wanapopaita kisigino
na kupakata kabla hawajapamba keki.
Akatafuna polepole, kama anayesoma herufi ndogo.
Uso ukajikunja wote, hadi masikioni.

"Chungu," akasema.
Akameza.
"Chungu vilevile."
Akachomoa nyingine.

Yale mawili yako kwenye glasi ya meno yake,
yanayumba kidogo kila mlango unapofunguliwa.
Kule juu nimeacha matumba sita yakomae,
nimeyavisha mifuko ya karatasi dhidi ya upepo.
Sijamuuliza
droo ile ilikuwa na nini.